Je, Wajua? Besi, Nyuzi Zake na Bei Zake

Kila bendi ya dansi, kila kwaya yenye vyombo na kila kundi la taarab ya kisasa lina mtu mmoja asiyetazamwa sana, lakini akinyamaza kidogo tu wachezaji wanapoteza hatua. Huyo ni mpiga besi. Chombo chake huuzwa kwa dola 200 hapa na dola 4,000 pale, na anayenunua kwa mara ya kwanza hubaki kusoma jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa na kibandiko cha bei, maana hana kingine cha kusoma. Mambo yafuatayo yamekusanywa kwa ajili yake. Yanatoka nchi na miaka tofauti, lakini yote yanaelekea mahali pamoja: bei hueleza mengi kuhusu kazi ya kiwandani, ila sauti huanzia kwenye nyuzi, marekebisho na vidole.

1. Je, wajua kwamba besi iliyobadilisha muziki wa dunia iliuzwa kwa dola 199.50?

Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio huko California, alitoa gitaa la besi aina ya Precision mwishoni mwa mwaka 1951. Kabla yake, Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kuuza besi ya umeme yenye freti mnamo 1936, ila haikuenea. Ya Fender ilienea kwa sababu mpigaji aliweza kuibeba begani, kuisikia juu ya ngoma na tarumbeta, na kuipata noti sawasawa bila kubahatisha kama kwenye besi kubwa ya kusimama.

Miaka ile ya mwanzo bei yake ilikuwa dola 199.50. Ukizingatia jinsi pesa ilivyopungua thamani, hizo ni zaidi ya dola 2,000 za leo. Hata hivyo, leo kuna besi mpya za kuanzia zinazouzwa kwa takriban dola 200 zile zile. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo na mwili kwa usahihi, na viwanda vya Indonesia na China hutengeneza kwa wingi. Anayeanza leo na pesa kidogo ana bahati ambayo vijana wa 1952 hawakuwa nayo.

2. Je, wajua pesa ya ziada huenda wapi?

Kutoka dola 200 hadi 800, tofauti huonekana na kushikika: funguo za kukazia nyuzi zisizolegea, freti zilizosuguliwa ncha zake zisikwaruze kiganja, pikapu zisizovuma, nyaya zilizolehemiwa vizuri. Kutoka 800 hadi 2,000, tofauti hupungua. Unalipia uangalizi zaidi, mbao zilizochaguliwa na nchi ambako mshahara wa fundi ni mkubwa. Ukivuka hapo unalipia saa nyingi za mikono ya watu wachache, mbao adimu na jina.

Hakuna ubaya kulipia vitu hivyo. Ubaya ni kuvilipia ukidhani umenunua upigaji bora.

3. Je, wajua kwamba kuna mtu aliyenunua magitaa mazima ili apate nyuzi?

Mwaka 1965 kundi la The Who la Uingereza lilikuwa likirekodi "My Generation", wimbo wenye sehemu ambayo besi inapiga peke yake. Mpiga besi wao, John Entwistle, alitaka mlio mkali wa besi ya Danelectro kutoka Marekani, iliyokuwa na nyuzi nyembamba. Nyuzi zikakatika. Nyuzi za badala hazikupatikana Uingereza, kwa hiyo akanunua Danelectro nyingine, kwa ajili ya nyuzi zake tu. Hizo nazo zikakatika, akanunua nyingine tena. Mwishowe wimbo ulirekodiwa kwa besi ya Fender.

Mwaka uliofuata, 1966, Entwistle alifanya kazi na kampuni ya Rotosound ya Mwingereza James How mpaka zikapatikana nyuzi za chuma zenye mlio alioutaka. Nyuzi hizo, Swing Bass 66, zinatengenezwa hadi leo.

Funzo lake ni la dukani kabisa. Kabla hujatoa pesa kununua besi ya umbo la ajabu, uliza kwanza kama nyuzi zake zinauzwa mjini kwenu. Besi fupi zinahitaji nyuzi fupi. Baadhi ya besi zisizo na kichwa zinahitaji nyuzi zenye kitufe ncha zote mbili. Ukikosa nyuzi, chombo kinageuka pambo la ukutani.

4. Je, wajua kwamba nyuzi chakavu zimo katika nyimbo zilizouza mamilioni?

James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown ya Detroit. Alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa nene za La Bella, na kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita "ndoano". Hakuwa akibadilisha nyuzi mpaka ukatike uzi. Aliamini kwamba uchafu uliojishika kwenye nyuzi ndio ulioshikilia sauti yake.

Kwa miaka mingi wanunuzi wa sahani hawakujua jina lake, kwa kuwa Motown haikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji kwenye majalada. Albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On" ya mwaka 1971, ndiyo iliyobadilisha jambo hilo. Besi ya Jamerson iliibwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983. Yeyote anayedhani ubora hupimwa kwa wingi wa vifaa na asikilize tena nyimbo zile: besi moja, kidole kimoja, nyuzi kuukuu.

5. Je, wajua kwamba uzi mmoja unaweza kuigeuza besi kuwa besi nyingine?

Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Waya huo ukiwa wa duara, uzi huwa na mikunjo inayokwaruza kidole, na mlio wake ni mkali, wa kung'aa. Ukiwa bapa, uzi huwa laini kama kioo, na mlio wake ni mzito na wa kutulia, unaokaribia wa besi kubwa ya kusimama. Kuna pia aina ya katikati, ambayo huzungushiwa waya wa duara kisha husuguliwa juu. Na kuna nyuzi nyeusi zilizofunikwa kwa nailoni. Hizi hufanya kazi kwenye besi ya umeme kwa kuwa ndani yake mna chuma. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, nayo huhisi kutikisika kwa chuma tu. Nailoni tupu isingeipa habari yoyote.

Seti ya besi huuzwa kati ya dola 20 na 50 au zaidi, wakati seti ya gitaa la kawaida hupatikana kwa dola 10 hivi. Nyuzi bapa ni ghali zaidi unapozinunua, lakini hudumu miaka na hazizili freti. Zile za duara ni nafuu, huchangamka mwanzoni, kisha hufifia ndani ya wiki au miezi kulingana na jasho la mpigaji. Jaco Pastorius, aliyetumia nyuzi za duara kwenye besi aliyoing'oa freti, alilazimika kuupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya kutengenezea mashua, maana nyuzi hizo zingeutafuna.

Kwa hiyo ukichoshwa na sauti ya besi yako, usikimbilie kununua besi nyingine. Badilisha aina ya nyuzi kwanza. Ni mabadiliko makubwa kuliko yote kwa pesa ndogo kuliko zote.

6. Je, wajua kwamba adui wa nyuzi anaishi pwani?

Jasho, chumvi na unyevu wa hewa huingia kati ya mikunjo ya waya na kuua mlio. Mpigaji wa Mombasa, Tanga au Unguja huliona jambo hilo mapema kuliko mwenzake wa Arusha au Nakuru. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu huvumilia zaidi. Zipo pia nyuzi za Elixir zilizopakwa utando mwembamba, zitokazo kwa W. L. Gore, kampuni ile ile ya Marekani inayotengeneza kitambaa cha Gore-Tex kisichopitisha mvua. Bei yake hukaribia maradufu ya nyuzi za kawaida, lakini kama zitadumu mara tatu, mwenye jasho jingi amepata nafuu.

Wapiga besi wengine huchemsha nyuzi za duara katika maji kwa dakika kumi hivi, wakazikausha vizuri na kuzifunga tena. Uchafu hutoka na mlio hurudi kwa siku chache. Njia iliyo bora zaidi haina gharama: nawa mikono kabla ya kupiga, na pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza.

7. Je, wajua kwamba jina la besi nafuu lilianza kama jina la nyuzi?

Squier, jina linaloonekana kwenye magitaa mengi ya wanaoanza, ni la Victor Carroll Squier, aliyeanzisha kampuni huko Battle Creek, Michigan, mwaka 1890 na kujulikana kwa nyuzi za fidla. Fender iliinunua kampuni hiyo mwaka 1965. Mwaka 1982 jina likawekwa kwenye magitaa ya bei ya chini yaliyotengenezwa Japani, ili kushindana na nakala zilizokuwa zikivamia soko.

Yale ya mwanzo yalitengenezwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba leo wakusanyaji huyasaka na kulipa pesa nyingi kuliko zile za kununulia Squier mpya. Jina la bei nafuu, basi, si hukumu. Shika chombo chenyewe kilicho mbele yako, ukipime.

8. Je, wajua kwamba Paul McCartney alichagua besi aliyoimudu?

Mwaka 1961, akiwa kijana anayepiga katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, McCartney aliiona besi ya Höfner 500/1 yenye umbo la fidla. Bei yake ilikuwa kama pauni 30, wakati Fender aliyosikia sifa zake ilikuwa mbali na uwezo wake. Tena yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na umbo la fidla lina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo kuligeuza hakukuleta sura mbaya. Ni besi nyepesi, na uzi wake una urefu wa sentimita 76 badala ya 86 za Fender.

Besi hiyo iliibwa London mwaka 1972, ikapotea kwa zaidi ya miaka 50, na mapema mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake. Wenye vidole vifupi, na wazazi wanaomnunulia mtoto, wakumbuke kipimo hicho cha sentimita 76. Besi fupi si kichezeo, ni chombo kamili.

9. Je, wajua kwamba simu yako haiwezi kutoa noti ya chini ya besi?

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mtikisiko wa polepole kiasi hicho. Inachotoa ni mitetemo ya juu inayoandamana na noti hiyo, na ubongo wako huijaza noti ya chini ambayo haipo.

Ndiyo maana kuhukumu besi kwa video iliyotazamwa kwenye simu ni kujidanganya. Nenda na vipokea sauti vizuri au, bora zaidi, sikiliza dukani kwenye spika kubwa. Na kama una pesa ya besi ya wastani na spika mbovu, punguza kwenye besi uongeze kwenye spika.

10. Je, wajua kwamba uzi wa tano hufichua besi dhaifu?

Besi ya nyuzi tano huongeza uzi mnene zaidi, unaotikisika karibu mara 31 kwa sekunde. Kwaya nyingi hupenda besi hizi kwa kuwa zinateremka chini zaidi. Ila kwa urefu ule ule wa sentimita 86, uzi huo hulegea kwa urahisi na noti yake hutoka kama mngurumo usio na umbo. Watengenezaji wengine hurefusha shingo hadi sentimita 89. Dingwall wa Kanada hupanga freti kama kipepeo cha mkononi kilichofunguliwa, ili uzi mnene uwe mrefu na ule mwembamba ubaki mfupi.

Dukani, piga uzi wa tano peke yake, kwa nguvu na kwa upole. Kama huwezi kuitaja noti, chukua ya nyuzi nne nzuri kwa bei hiyo hiyo.

11. Je, wajua kwamba hata besi ghali zina mahali palipokufa?

Kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender, uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba hufa haraka kuliko kwingine. Shingo ya mbao nayo hutikisika, na ikitikisika kwa kasi inayolingana na noti, huiba nguvu yake. Jambo hili haliangalii bei. Wengine walitafuta dawa: Modulus na Steinberger walitumia nyuzinyuzi za kaboni zilizo ngumu kuliko mbao. Kwa mnunuzi, dawa ni kupiga kila freti ya uzi huo, moja moja, uiache ivume, uhesabu moyoni.

12. Je, wajua kwamba mpingo wetu uliingia katika sheria za magitaa?

Mbao za kahawia zinazobeba freti mara nyingi hutoka kwenye miti ya jamii ya Dalbergia. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji, mti wa vinyago vya Wamakonde na wa klarineti za dunia nzima, ni wa jamii hiyo hiyo. Mwaka 2017 jamii yote iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, na viwanda vya magitaa vikahitaji vibali kuvusha bidhaa mipakani. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipewa nafuu, lakini wakati huo viwanda vingi vilikwisha kugeukia mbao nyingine.

Mwaka 2020 Fender ilitangaza kupunguza sana matumizi ya mti wa ash, kwa sababu ya mafuriko na mdudu anayeiangamiza miti hiyo Marekani. Kwa hiyo ukiambiwa besi ni duni kwa kuwa mbao yake si ile ya zamani, usibabaike. Mbao mpya hazikuletwa na unafuu peke yake, na msitu unaobaki umesimama nao una thamani yake.

13. Je, wajua kwamba macho huongeza sauti isiyokuwepo?

Mwaka 2010, mjini Indianapolis, wapiga fidla 21 walipewa fidla 6 wazijaribu wakiwa wamevaa miwani ya giza. Tatu zilikuwa mpya, mbili zilitengenezwa na fundi wa kale Stradivari na moja na Guarneri, fundi mwingine wa kale, zenye thamani ya mamilioni ya dola. Wengi walipendelea mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa mojawapo ya Stradivari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Besi si fidla, lakini njia hiyo inafaa dukani. Mpe rafiki besi tatu azipige, wewe umpe mgongo. Chagua kwa sikio, ndipo ugeuke kutazama bei.

14. Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina shule yake ya besi?

Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza magitaa ya umeme, besi ikiwemo, katika taarab, wakati vikundi vya Unguja vilibaki na besi kubwa ya kusimama. Mwaka 1978 Les Wanyika ilianzishwa Nairobi, na wimbo wao "Sina Makosa" bado unawainua watu vitini. Msikilize Tom Malanga kwenye besi: noti zake ni chache, zina nafasi katikati, na kila moja inaingia kwa wakati wake. Hakuna duka linalouza hilo. Kijana mwenye besi ya dola 200 anaweza kuanza kujifunza leo, bure, kwa kusikiliza.

15. Je, wajua namna ya kuipima besi kwa dakika kumi?

Anza na shingo. Tazama kutoka kichwani kuelekea mwilini kama fundi seremala anavyotazama ubao: mkunjo mdogo sana wa kuingia ndani unafaa, msokoto haufai kabisa. Ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaorekebishwa kwa ufunguo, kwa kuwa nyuzi nne huvuta kwa nguvu ya kilo 80 hivi, lakini ufito hauponyi shingo iliyosokotwa. Teleza kiganja pembeni mwa freti uone kama zinakwaruza. Piga kila noti ya kila uzi ukisikiliza milio ya kugonga.

Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, halafu ukandamize hapo hapo upige tena. Noti mbili hizo zilingane. Zikipishana kidogo, fundi atasogeza vibanio vya chini na mambo yatakaa sawa. Geuza vitufe vya sauti usikie kama vinakwaruza. Kama besi ina betri, jua kwamba waya ukiachwa umechomekwa betri huisha hata usipopiga, basi uchomoe kila unapomaliza. Mwisho ivae kwa mkanda, usimame nayo kwa muda. Besi nyingi zina uzito wa kilo 3.5 hadi 4.5, na ibada au harusi inaweza kuchukua saa nne.

Halafu gawa pesa yako hivi: toa ile ya seti moja ya nyuzi mpya na ile ya fundi wa kurekebisha, uziweke kando kabla hujaangalia kibandiko chochote. Kinachobaki ndicho cha kununulia besi. Ukifanya hivyo, besi ya bei ya chini iliyorekebishwa vizuri itakufundisha zaidi kuliko ya bei ya juu iliyofungwa nyuzi zilizokufa, na siku utakapokuwa tayari kwa chombo kikubwa zaidi, sikio lako litajua linatafuta nini.